Dawa Ile Sijaipaka, Mama

Murungu, Kibondo
Agosti 2014

Mama,

Mabaka yako sasa ninayo mimi. Yalianza kwenye viwiko, yakaja magotini, juu meupe kama magamba, ukiyabandua chini ni damu. Shangazi alipoyaona aliniletea tyubu ya dawa kama zile ulizonunua kwa yule Mkongomani sokoni Kasulu. "Paka, mwanangu. Siku chache tu utang'aa kama mama yako."

Uling'aa kweli. Ulirudi kwenye kwaya mikono wazi, unacheka, "Waje sasa wanikimbie!" Halafu Mkongomani akapotea sokoni, tyubu zikaisha, ngozi yote ikawaka nyekundu, ukawa unatetemeka juani. Walisema umerogwa.

Nimekwenda kwa daktari wa ngozi. Anasema ugonjwa huu hauambukizi, na hakuna aliyeturoga. Mwili wenyewe unaishambulia ngozi yake. Hauponi, unatulizwa tu. Na dawa ile ni kali: ukiipaka mwili mzima kila siku, kisha ukaiacha ghafla, ugonjwa unarudi na kisirani. Unaweza kuua. Hapo nikaelewa kilichokuua, Mama.

Sasa naoga maji ya uvuguvugu, sijisugui kwa jiwe, najipaka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Dawa ya daktari napaka kidogo, palepale alipoonyesha. Jioni naandika kwenye shajara. Koo likiuma, au nikiwa na mawazo mengi, mabaka yanachachamaa. Yamepungua. Hayajaisha.

Jumamosi walikuja ndugu wa Yohana, kijana anayetaka kunioa. Walileta chungu cha pombe ya ndizi, tunywe wote kwa mrija mmoja. Shangazi alinisihi nipake ile tyubu kabla, au basi nivae mikono mirefu. Nilikaa mikono wazi. Mrija ulipozunguka nikanywa, nikampa mama yake Yohana. Akautazama, akatazama kiwiko changu, akauweka chini. "Leo tumbo linanisumbua, binti yangu." Hakuna aliyeugusa tena. Waliaga, chungu bado kimejaa.

Hawajaleta jibu. Shangazi ameiacha tyubu dirishani kwangu. "Ukitakata tutawaita tena," anasema, na najua wangekuja. Naitamani, Mama. Siwezi kukudanganya wewe.

Lakini nakuahidi sitaifungua, hata kama nitazeekea hapa kwa Baba.

Pumzika. Huko huwashwi tena.

Mwanao,
Adela