Meseji za Mzee Yohana

Mafinga, Jumanne

Bado nina hasira. Leo nimeunganisha na laptopu modemu ya tanuri la kukaushia mbao, ile inayomtumia mchochea moto meseji joto likizidi, nikaandika amri ya kusoma meseji zilizomo.

Mzee Yohana, mchochea moto aliyefukuzwa kwa kupuuza meseji za tahadhari mpaka mbao zikapasuka, hakupuuza hata moja. Alikuwa anaijibu modemu, akidhani ni bosi. "Shikamoo bosi. Joto limezidi kweli. Nipunguze kuni?" Halafu: "Bosi, nasubiri ruhusa yako."

Mzee mzima anaiamkia mashine.

Nikamwonyesha bosi. "Futa, zinajaza laini," akasema, akaendelea kula.

Nilidhani ningekataa. Nikaandika amri ya kufuta. Mimi modemu ilinijibu papo hapo: OK.