Kupiga Charo

Jumamosi, 11 Januari

Nimefagia chumba cha darini baada ya Alasiri, nikatandika mkeka, nikapanga dadu. Vijana wanne wakaja kama kila Jumamosi. Mimi nasimulia hadithi, wao wanaigiza mashujaa, dadu inaamua nani aishi. Nina miaka arobaini na tatu, nina duka la dawa, na bado nacheza. Sioni haya.

Nasra, mkubwa wao, anatengeneza kamusi ndogo ya maneno ya mezani petu. Anataka kuwagawia wachezaji wengine wa mjini. Leo aliniuliza asili ya kila neno. "Chumvi", yaani dadu kutoa moja: siku moja marehemu mama alikosea akatutilia chumvi kwenye chai, na alasiri ile tukatoa moja mfululizo hadi tukakata tamaa. "Marikiti", kama sokoni: wote kusema kwa pamoja, hakuna anayesikia. Nilicheka sana. Nikamkumbuka mama na birika lake.

Kisha akauliza, "Na kupiga charo, Da Rukia?"

Ni kuwakimbia wenzako katikati ya vita. Mwenyewe alikuwa ameshaandika: neno la Kigiriama, charo ni safari. "Sivyo?"

Nikasema ndivyo. Uongo.

Jumapili, 12 Januari

Charo ni mtu.

Nasra hakuwa amezaliwa, au alikuwa mtoto wa kubebwa. Tulikuwa wanne: mimi, Charo, na mapacha wa nyumba ya pili. Charo alikuwa karani wa forodha bandarini, kwao Rabai. Miaka minne hakukosa Jumamosi hata moja. Alikuwa na sauti ya kila kiumbe: jini, askari, mbuzi. Mama alikuwa akisimama ngazini kumsikiliza, akijifanya anapanguza vumbi.

Siku ya vita vya mwisho, shujaa wake ndiye aliyeshika lango. Simu yake ikalia. Akasikiliza, akasimama, akatoka bila kuaga. Lango likaanguka. Mashujaa wote wakafa. Hadithi ya mwaka mzima ikaishia pale. Nilikuwa na hasira. Nikasema, "Ametupiga charo." Mapacha wakacheka mpaka wakalala chini. Neno nimelizaa mimi.

Siku ya tatu tukapata habari. Alikuwa ameitiwa msiba wa mamake.

Hatukwenda mazishini. Mwanzo tulisema tumechelewa. Kisha tukaona haya, naye akahamishwa kikazi. Haya ikawa miaka kumi na tisa. Neno tuliendelea kulitumia.

Jumatano, 15 Januari

Nimekutana naye. Marikiti, penye wauza viungo, nanunua iliki. Sauti nyuma yangu: "Rukia! Hujabadilika." Mvi kichwani, miwani, tumbo kidogo. Amehamishiwa tena Mombasa baada ya miaka mingi Taveta. Yuko Makupa.

Akauliza kama bado tunacheza. Uso wake ulifunguka nilipojibu. Nikasema karibu Jumamosi. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata.

Iliki nimeiacha pale pale kwa muuzaji.

Ijumaa, 17 Januari

Nimempigia Nasra. Nikamwambia afute lile neno, na kesho mtu asilitaje. Akauliza kwa nini. Nikasema nina wateja.

Hakukuwa na mteja hata mmoja. Naogopa kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

Jumamosi, 18 Januari

Charo alikuja na viatu mkononi, kama zamani. Vijana walimpenda mara moja. Nilimtambulisha kwa jina la "rafiki yangu wa zamani", basi. Woga huo. Alipoigiza mlinzi mzee mwenye kigugumizi walishika mbavu. Kwa saa nzima nilikuwa na miaka ishirini na nne.

Kisha vita. Kijana mmoja akataka kurudi nyuma, mwenzake akasahau onyo, akapiga kelele, "We! Usitupige charo!"

Charo akageuka, anatabasamu. "Naam? Nani ananiita?"

Nasra akajaribu kuokoa: "Samahani, kumbe ni jina lako! Ni neno letu tu. Asili yake Kigiriama, safari."

"Safari," akasema. Akaniangalia mimi.

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Si safari. Ni wewe, Charo. Siku uliyotoka. Nimelitunga mimi."

Akaweka dadu chini polepole. "Siku ile nilipigiwa simu kuwa mama amefariki."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ya tatu."

"Nilikuwa nikidhani hamkupata habari. Miaka yote hii nawatetea moyoni." Akavua miwani. "Neno si kitu, Rukia. Nilitazama njia siku zote saba za matanga. Kila mtu akija, nasema labda ni wao."

Akashuka ngazi. Safari hii aliaga, kila mtu kwa jina lake.

Nasra alikaa nami mpaka Magharibi.

Jumapili, 19 Januari

Nimempigia asubuhi, nikamwambia nataka kwenda Rabai, kutoa pole. Akasema, "Mimi nitakuwa huko kufikia saa nne."

Kaburi liko nyuma ya nyumba, penye minazi. Msalaba wa saruji umepakwa chokaa juzi juzi. Nilisema niliyopaswa kusema. Makosa yetu, yangu zaidi. Sikujitetea. Dadake mkubwa alisikia yote kutoka mlangoni. Akaniletea kiti, akasema tu, "Umekuja. Keti."

Charo hakusema amenisamehe. Alisema neno lisifutwe kwenye kamusi. Iandikwe asili yake yote, pamoja na msiba. Nikasema itaandikwa, na jina langu liwepo.

Jumatatu, 20 Januari

Duka kimya. Joto.

Jana, nilipokuwa nimekaa pale, nilisoma jina kwenye msalaba. Nikalirudia kimoyomoyo. Shujaa wa Charo alikuwa na mama pia, kwenye hadithi. Jina lake nililitunga mimi, na rangi ya leso yake, na wimbo wa kumlaza mwanawe. Yote nayakumbuka hadi leo.

Jina la mama wa Charo mwenyewe, miaka minne, sikuwahi kuuliza.

Aliitwa Kadzo.