Rota Hupimwa Ikiwa Kavu

Kansanga, Kampala
17 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Nabilah,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Nakuru? Kifua kimepona? Na funga inaendaje na baridi hiyo? Sisi tuko salama, ila goti langu hulalamika kwenye ngazi za msikiti.

Video ya injini ya ndege yako nimeitazama, kisha nikaisikiliza nimefumba macho. Umeijenga upya kwa usafi sana. Lakini mtikisiko ule haunipendezi, na joto la oili lilikuwa bado linapanda ulipozima.

Nikampigia mwenzako Sifuna, nikamuuliza rota mlizipima lini. "Zilipotoka tu kwenye injini, Mzee. Moja ilikuwa nzito, Nabilah akaikwangua zikalingana. Huyo ukimwachia grainda, hurudishiwi!" Nilicheka, kisha nikakaa chini.

Mwanangu, rota, lile pande la pembetatu linalozunguka ndani, lina uwazi tumboni. Oili hupita humo kulipoza, na nyingine hubaki humo pamoja na masizi hata ukishafungua injini. Ulipima chuma na oili, ukakwangua chuma peke yake. Sasa rota moja ni nyepesi, na vyuma vya kusawazisha kwenye ncha za shafti haviwezi kuifidia. Mwendo ukizidi, beringi zitaumia.

Fungua tena. Zioshe, zikauke, ndipo upime. Uliyoikwangua iweke kando, utafute inayolingana na mwenzake. Rejeta ya oili nayo ipate hewa zaidi, usiishughulikie ya maji peke yake. Injini hizi za rota hutoa sehemu kubwa ya joto kupitia oili. Na angani hakuna pa kuegesha ukisubiri ipoe.

Najua umeahidi kuruka siku ya Idi. Mama yako Rukiah alinijia juu: "Banange, shemeji, wewe na vyuma vyako! Gauni nimeshashonesha!" Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Akasema: "Basi mwambie naja hivyo hivyo. Nataka kumwona akiwa chini."

Ndugu zako Mubaraka na Ramathan wanakusalimu. Msalimie Sifuna, umwambie hana kosa. Mungu akulinde, mikono yako isichoke.

Nami nakuja na mama yako. Idi tutaila hapo karakanani, injini ikiwa wazi mbele yetu.

Akupendaye sana,
Baba yako mdogo,
Abdul-Karim