Chumvi Kabla ya Moto: Kikao cha Kujibu Barua ya Mkaguzi

KAMATI YA CHAMA CHA WATENGENEZAJI WA MAFUTA YA MAJANI

Tarehe: Jumanne, 14 Mei, saa 4:10 asubuhi (kiliitishwa saa 3:00).
Mahali: Chumba cha mizani, karakana ya chama.
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Mweka Hazina, Fundi Mitambo, Mama Pacha (mwenye ombi), Katibu.
Hakuhudhuria: Mjumbe wa Ghala, bila taarifa, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1: BARUA YA MKAGUZI
Katibu alisoma barua ya ofisi ya hataza, inayotoa hati za kulinda uvumbuzi. Mkaguzi ameandika kwamba kukeneka majani kwa mvuke, yaani kuyachemsha na kuupoza mvuke ili kupata mafuta, ni njia ya zamani, na kutenga mafuta na maji kwa chumvi pia ni njia ya zamani. Hivyo fundi yeyote angewaza kuziunganisha. Asipojibiwa kufikia Ijumaa, ombi la Mama Pacha litafutwa.

KUMB. NA. 2: MAELEZO YA MAMA PACHA
Alieleza kwamba wengine hutia chumvi mwishoni, kwenye maji yaliyokwisha kenekwa. Yeye huitia ndani ya pipa, pamoja na majani, kabla ya kuwasha moto. Mafuta huongezeka, kuni hupungua. Alisema amehangaika miaka mitatu, na akinyimwa hataza, viwanda vikubwa vitaichukua njia yake bila hata asante.

Fundi Mitambo alisema mkaguzi yuko sahihi: "Chumvi na moto tu, mama. Hata mimi ningefanya."

Mama Pacha aliuliza: "Sasa kaka yangu, mbona hukufanya?"

Fundi alijibu kwamba alikuwa na kazi nyingi. Mwenyekiti aliomba utulivu.

KUMB. NA. 3: FAILI LA ZAMANI
Katibu alisoma kumbukumbu za kikao cha miaka mitatu iliyopita, kutoka faili ambalo siku hizi huzuia mlango usijifunge: "Fundi Mitambo alisema hakuna mwenye akili timamu anayeweza kutia chumvi ndani ya pipa. Mwenyekiti aliunga mkono. Mama Pacha azuiwe kugusa mapipa ya chama."

Mwenyekiti alikohoa, kisha akasema kwamba ikiwa mafundi wazoefu waliuona ni wazimu, mkaguzi hawezi kudai kila fundi angeliwaza jambo hilo. Alimwomba Mama Pacha radhi. Katibu anakiri kwamba alifurahi.

AZIMIO: Nakala ya kumbukumbu hizo itumwe kwa mkaguzi leo hii.

Fundi aliuliza kama jina lake linaweza kufutwa. Katibu alisema likifutwa, ushahidi utapwaya. Fundi alifikiri, akasema: "Basi andika vizuri. Uzoefu wa miaka ishirini na miwili."

KUMB. NA. 4: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 5:25. Mlangoni, Fundi alimuuliza Mama Pacha hutia chumvi kiasi gani. Alijibiwa asubiri hati ya hataza itoke.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................