Endesha Nunguni Mpaka Mwisho

Kyalo, rafiki yangu,

Mashine yako bado naiita kikokotoo, na hupo tena hapa staffroom kuniambia, "Sema kalkuleta, mwalimu, watu waelewe." Hiyo ndiyo habari ya kwanza. Ya pili ina aibu kidogo, nitaifikia.

Unakumbuka ulivyoamua kunifundisha kuchora kwa ile mashine yako? Mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliyeachana na hesabu tangu kidato cha pili bila ugomvi! Ulinipata kwa ujanja: "Hizi amri ni vitenzi tu. Line, chora. ClrDraw, futa. Hakuna tafadhali." Basi kila wakati wa chai nilikuja na thermos yangu, nikakumiminia kikombe kwa sababu sikuwa na kingine cha kukupa, nawe ukaanza: nukta hii, nukta ile, mstari katikati.

Mlima wangu wa kwanza sitausahau. Sikujua kwamba ukitumia Line namba zinapanda kwenda juu, lakini ukitumia Pxl-On sifuri iko juu kabisa na hesabu inashuka. Nikaweka nukta moja moja kwa bidii, mlima ukatoka kichwa chini. Ulicheka mpaka chai ikakupalia. "Nilikuomba mlima, umenichimbia bwawa! Kweli nyinyi wa ukame wa Kanyangi mna kiu."

Wewe milima uliijua. Ulizaliwa kwenye baridi ya Nunguni, ukaja kufundisha kwenye joto letu, ukaandika programu ukaiita NUNGUNI, Line juu ya Line, mpaka kilima cha nyuma ya kwenu kikasimama kwenye kioo kidogo kuliko kiganja. Ulipoanza kuugua ukaniachia mashine. "Endesha NUNGUNI mpaka mwisho," ukasema. Nikaitikia. Niliiendesha, kilima kikatokea, kisha vidoti kwenye kona vikawa vinatembea tu. Nikadhani imekwama. Nikazima. Na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya, Kyalo, tangu tukuzike mpaka juzi.

Juzi mashine ikasema betri zinaisha. Nilishtuka. Ile betri ndogo ya akiba, inayotunza kumbukumbu yake, sijui kama bado iko hai, na zote zikifa, kilima chako kinafutika. Nikampigia mkeo, Mama Mwende. Akasema, "Shemeji, usikiache kipotee. Mimi kilima nakiona kila siku, lakini hicho ni chake." Nikachukua daftari, nikaanza kunakili amri zako moja baada ya nyingine kwa kalamu nyekundu. Line. Line. Line. Halafu Pause.

Mwalimu wa lugha mzima, nikalitazama lile neno. Mashine haikuwa imekwama. Ilikuwa inaningoja nibonyeze Enter. Na chini ya Pause kulikuwa na mstari mmoja ambao sikuwahi kuuona ukifanya kazi.

Nikaiendesha tena, vidoti vikaanza kutembea, nikabonyeza. Chini ya kilima kukatokea: ASANTE KWA CHAI.

Kipindi kilichofuata sikuingia darasani. Niliwaambia nina mafua.

Wa kushukuru ni mimi, wewe mtu! Chai yangu ilikuwa maji mengi na majani kidogo, na ulijua. Wewe ulinifanya, na mvi hizi zangu, niamrishe nukta nayo ikanitii. Hata wanafunzi hawajanipa heshima hiyo.

Betri nimebadilisha, moja moja, huku nikiomba. Kilima kipo. Daftari nitampelekea Mama Mwende mwenyewe shule zikifungwa, na nitabeba sweta mbili. Cheka tu.

Tena nimeongeza mstari mmoja baada ya wako, kukujibu. Nilitaka neno likae chini kabisa, karibu na lako, kwa hiyo nikaweka namba ndogo. Si unanijua? Nikasahau tena kwamba kwa maneno pia, kama kwa Pxl-On, sifuri iko juu. KARIBU ikatokea kule angani, juu ya kilima chako.

Nimeiacha huko huko. Sitairekebisha.

Kwaheri, munyanya wakwa, rafiki yangu. Kuanzia sasa sitaizima kabla ya mwisho.

Wako wa bwawa,
Mutiso