Siku Maalimu Alipokaa Nje

Mjukuu wangu Mwanajuma,

Salamu zako zimefika. Hapa Mwabungo tu wazima, alhamdulillahi, ila nyanyako anakohoa kidogo. Unaniuliza umpime vipi mhadhiri wenu kwenye fomu ya tathmini mliyopewa chuoni, ambaye nyote mnampenda kwa kuwa huwadokezea maswali ya mtihani.

Madrasani kwetu tulikuwa na maalimu mpole. Tulipokwama, alitutamkia neno la kwanza la aya, nasi tukaimalizia. Tulimpenda mno. Siku ya kuhitimu, wazee walimwomba akae nje, kama ilivyokuwa desturi, kisha wakatutaka tusome bila kutazama msahafu. Nilianza vizuri, nikafika mahali nikanyamaza. Wenzangu nao vivyo hivyo.

Maalimu alikuwa barazani, akitusikia. Alipoingia hakutukemea. Aliwaambia wazee, "Watoto hawana kosa. Miaka yote hii nilikuwa nasoma mimi."

Basi kabla hujampa mhadhiri wako alama, funga daftari, umweleze mwenzako alichokufundisha. Ukiweza, msifu. Ukikwama, mwandikie hivyo, kwa adabu. Wetu tulimpenda sana, na hakuna aliyemwambia mapema.

Nakuombea dua,
Babu yako