Shikamoo Ziishie Mlangoni

Mpendwa Mwalimu wangu,

Leo sikuamkii. Usinune. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mwenye hoja haanzi na shikamoo, na mie nina hoja na wewe. Nisikilize mpaka mwisho, heshima yako utaipata.

Unaikumbuka semina yangu ya kwanza pale idara ya fizikia? Wewe hukukaa mbele kama maprofesa wengine. Ulisimama mlangoni ukapokea shikamoo ya kila aliyeingia, wanafunzi, walimu vijana, hata dada aliyetuletea vitumbua, ukaitikia moja moja. Kisha ukafunga mlango na kutangaza kwamba zimekwisha, humu ndani ni hoja tu. Nikadhani ndiyo utani wa watu wa Kawe kama wewe. Mie nilikuwa natokea Chamazi, kwa mama wa Newala ambaye ukimpita bila kumwamkia, chakula utaishia kusikia harufu. Kwa hiyo ulipomaliza kuzungumza juu ya nyota uliyokuwa ukiichunguza, nikanyoosha mkono, nikasimama, nikaanza: shikamoo Profesa, samahani sana, mie si mjuzi, naomba radhi kama nitakosea. Ukanikatiza.

"Binti, toka nje. Iache hiyo shikamoo mlangoni, urudi na swali."

Nikatoka kweli. Ukumbi mzima ulicheka, nami niko koridoni natamani ardhi ipasuke. Nikarudi, nikauliza mkavu: umejuaje kwamba nyota yako inapumua? Lilikuwa swali la kitoto, jibu lake lilishapita kwenye slaidi ya pili. Ukairudia slaidi ile, ukanieleza taratibu kana kwamba nimeuliza jambo kubwa: nyota inatanuka na kusinyaa, na mwanga wake unapanda na kushuka nayo. Nilikupenda tangu siku ile, nasema wazi.

Nyota hiyo uliizungumzia mpaka ugonjwa ulipokulaza. Mwaka huu nikapata vipimo vipya kutoka darubini za wenzetu wa nje, nikakaa navyo nyumbani mpaka mume wangu akaanza kuionea wivu nyota. Mwalimu, haipumui. Ziko mbili. Zinazungukana, na kila moja inapopita mbele ya mwenzake mwanga unapungua, kama mtu anayepita mbele ya taa. Kufifia kwa kwanza na kwa pili hakulingani, wakati nyota moja inayopumua ingefifia vilevile kila mara, ila tofauti ni ndogo mno, na darubini uliyokuwa nayo isingeiona.

Wiki iliyopita idara iliandaa semina ya kukukumbuka, wakanipa mie nizungumze. Mkuu wa idara, braza wetu ambaye naye umemfundisha, akaniita ofisini. Akanieleza kwa upole kwamba mama, mjane wako, atakuwepo, tena mstari wa mbele, kwa hiyo nikusifu tu, ishu ya nyota mbili niilete siku nyingine. Marehemu hasemwi, akasema. Nikamwambia simsemi marehemu, naijibu hoja yake. Kwa mdomo nilikuwa jasiri, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilipima. Nikisema, namvunjia mama heshima mbele ya watu. Nikinyamaza, wale wanafunzi wanaokaa nyuma watajifunza kwamba heshima ikiingia, ukweli utoke. Nao watanyamaza maisha yao yote.

Siku ilipofika nikasimama mlangoni kama wewe. Nikapokea shikamoo za vijana, nikapiga goti nikamwamkia mama, nikafunga mlango. Zimekwisha, nikasema. Nikakusifu, maana unastahili, halafu nikalitaja jina lako na kusema ulikosea.

Mkuu wa idara akaanza kutazama viatu vyake. Ndipo binti mmoja wa mwaka wa kwanza akasimama kule nyuma, hana samahani, hana radhi, akauliza: "Umejuaje kwamba ziko mbili?"

Mwalimu, nilitaka kulia palepale. Jibu lilishapita kwenye slaidi ya pili. Nikairudia, nikamweleza taratibu. Baada ya hapo mikono ikawa mingi mpaka vitumbua vikasahaulika.

Mama alinisubiri koridoni. Nikajua sasa nimepatikana. Akanishika mkono.

"Kwa hiyo ziko mbili?"

"Ziko mbili, mama."

"Angekubishia mpaka chai ipoe."

Akacheka, kisha machozi yakamtoka, na mie yakanitoka. Tukasimama pale tumeshikana, vijana wanatupita na mabishano yao.

Ni kweli ungebisha. Na ningekushinda, ungenuna siku mbili tatu, halafu ungeanza kuwatambia watu kwamba huyu nimemfundisha mie. Najivunia kukukosoa, Mwalimu. Ndiyo kazi uliyonipa siku ile uliponitoa nje. Ninachokosa ni wewe kunijibu.

Hoja yangu imeishia hapo. Nimefungua mlango, nimetoka koridoni.

Shikamoo, Mwalimu. Marahaba yangu niwekee.

Mwanafunzi wako,
Somoe